Nguzo Kichwani pa Mume Wangu

Mwaka wenyewe ni ule tuliokula mlenda bila karanga. Hapa Juba mlenda tunauita kudra, na kudra isiyotiwa karanga ya kusaga ni harusi isiyo na bibi arusi: watu wanakaa, wanatazamana, halafu kila mtu anakwenda kwake. Pauni yetu ilikuwa imeanguka, karanga zikapanda juu zikakaa huko. Mkate wa mtaa wa Buluk ulikuwa mdogo hata ukiutia mfukoni unausahau. Unga ulitoka Uganda, mayai yalitoka Uganda, kitunguu kilitoka Uganda, na hata ufagio niliofagilia udongo wa nchi yangu huru ulitoka Uganda.

Redioni walisema tuko katika uchumi wa mpito. Tangu nirudi kutoka ukimbizini nalisikia neno hilo. Serikali ni ya mpito, bunge ni la mpito, na bei nazo ni za mpito, ila zenyewe zinajua njia moja tu, ya kupanda. Katika mtaa wetu vitu vya kudumu vilikuwa viwili: mimi, na mume wangu, ambaye amekufa.

Mume wangu tulimzika uani, kama anavyozikwa mtu mwenye kwao. Kaburi lake la saruji liko upande wa barabara, na kulizunguka ndipo penye shamba langu la mboga. Nina kudra, nina bamia, nina jirjir, majani mabichi yanayowasha ulimi. Mgeni hushangaa kuona bamia imeegemea kaburi. Mimi sishangai. Nilikaa kambini Uganda hadi nikazeeka nusu, nikazika watu wangu katika ardhi ya watu, na kila tulipozika niliona aibu kama mtu aliyemlaza mgeni wake kwa jirani. Niliporudi niliapa kwamba wangu watalala kwangu. Tena hapa mjini karatasi ya kiwanja si kitu. Kiwanja kimoja kina karatasi za watu watatu, zote zina muhuri, na wote watatu wanaapa kwa Mungu mmoja. Kaburi halighushiwi.

Jambo lingine ambalo kila mtoto wa Juba analijua ni nguzo. Ukitaka ardhi ya mtu hapa, humwambii. Unasimika nguzo. Mwenye ardhi amekwenda kanisani, au amekwenda msibani, akirudi anakuta nguzo imesimama, na chini yake kuna mwanamume ameketi kwenye kiti cha plastiki, anachokonoa meno. Ukiivumilia nguzo hiyo kwa adabu, imekushinda. Kesho itazaa uzio, keshokutwa itazaa ghorofa, na wewe utakuwa unapita nje ukionyesha wajukuu kwa kidole.

Naishi na mwanangu wa mwisho. Wakati huo alikuwa mpakiaji wa mizigo uwanja wa ndege, kazi ya mgongo. Jioni alikuwa akirudi anajinyoosha ukutani na kunieleza alichobeba.

"Mama, leo nimebeba nyanya."

"Za wapi?"

"Nairobi. Za mahoteli."

Nyanya imepanda ndege. Mimi nilirudi nchi yangu juu ya lori, nimekalia godoro langu, na kuku kapakatwa na mtu nisiyemjua. Lakini nyanya imepanda ndege, na imepokewa na mwanangu kwa mikono miwili.

Mwanangu alikuwa na hamu moja, kupata kazi ya kizibao. Mnavijua vizibao hivyo vya watu wa miradi, vyenye mifuko mbele, pembeni na mgongoni, na ndani ya mifuko yote hiyo mna kalamu moja. Alikuwa akiviona uwanjani vikishuka kwenye ndege, anaumwa mgongo na roho kwa pamoja.

Basi siku moja kizibao kikaja chenyewe nyumbani. Ndani yake alikuwamo kijana, mtoto wa hapa hapa aliyelelewa Nairobi. Kiarabu chetu cha Juba kilimshinda, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, chake cha Nairobi na changu cha kambini. Aliniita Shosho, kama wanavyoita bibi zao huko.

"Shosho, tumekuja na mradi wa maendeleo endelevu."

"Endelevu ndiyo nini?"

"Ni kitu ambacho hata sisi tukiondoka, kinaendelea."

"Basi mmechelewa, mwanangu. Nyinyi mmeondoka hapa mara nyingi, na mimi bado naendelea."

Akacheka, akaliandika jambo hilo. Alisema shamba langu litakuwa shamba la mfano. Nitapewa tangi la maji, nitapewa bomba, nitapewa mbegu. Sitasema uongo, masikio yangu yalisimama. Maji mimi nanunua kwa pipa kutoka kwenye gari la maji, na dereva akiamka na hasira zake mboga zangu zinalala na kiu. Bomba nililitaka kama msichana anavyotaka kwenda mjini. Nikauliza wao wanataka nini.

"Hakuna, Shosho. Bango tu, dogo."

"Bango la nini?"

"Waliotoa msaada watajuaje kwamba shamba lipo?"

"Waje wale mboga."

Hapo nikamwambia maneno ambayo nimeyarudia sana tangu siku hiyo: "Mboga mtakula, maji mtakunywa, lakini nguzo hapa hamsimiki."

Mwanangu akakohoa. "Mama, ni bango. Si nguzo."

"Bango linasimama juu ya nini?"

"Juu ya nguzo."

"Mbili," akasema kijana wa kizibao, kwa sauti ya mtu anayeongeza zawadi.

Nikawapa kudra, wakala. Nikafikiri yamekwisha.

Haikupita muda nikaitwa semina. Semina ya kufundishwa kulima mboga ilifanyika hotelini, mahali ambapo udongo wote umefunikwa kwa marumaru. Tuliketi akina mama wa mitaa mbalimbali, kila mmoja na chupa yake ya maji kutoka Uganda. Ukutani waliwasha picha ya jembe. Umeme ukakatika, jembe likazimika. Tukangoja jenereta liamke, tukaonyeshwa jembe tena. Mchana tulikula samaki, na dirishani Mto Nile unapita umejaa samaki wake, lakini wetu wa sahanini alikuwa amekuja kwenye barafu kutoka ng'ambo ya mpaka. Kulikuwa na nyanya pia. Nilichukua kipande nikasema moyoni, karibu, ni mwanangu aliyekushusha. Akina mama wenzangu walifungua mikoba yenye mifuko ya nailoni ndani, na samaki aliyebaki akaondoka bila kuaga. Somo la siku hiyo lilikuwa kuisikiliza jamii. Mwalimu alizungumza peke yake hadi alasiri.

Nilirudi nyumbani nimeshiba. Nikiwa bado barabarani nikaliona.

Bango lilikuwa kubwa kuliko mlango wa kanisa letu. Lilisimama juu ya nguzo mbili za chuma zilizozamishwa katika zege, na zege yenyewe ilikuwa bado mbichi, kichwani kabisa pa mume wangu. Palikuwa ndipo mahali panapoonekana vizuri kutoka barabarani. Kwenye bango palikuwa na picha ya mwanamke anayecheka, ameshika karoti. Mimi sijapata kulima karoti. Shule yangu ni fupi, kwa hiyo nilisoma polepole, neno kwa neno: Shamba la Mfano. Awamu ya Kwanza. Tunaiwezesha Jamii Kusimama. Na chini ya maneno hayo mume wangu amelala.

Mwanangu alikuwa amesimama pembeni, amevaa kizibao kipya.

"Nani amewafungulia?"

Akatazama mifuko yake, ya mbele na ya pembeni. "Mama, wamenipa kazi. Mratibu wa shamba."

"Nimekuuliza mlango."

"Mimi."

Sikupiga kelele. Niliingia jikoni nikapika asida, ugali wetu, nikaisonga kwa nguvu nyingi kuliko inavyohitaji. Alikula akiwa amevaa kizibao. Mgongo wake ulikuwa umenyooka kwa mara ya kwanza tangu aanze kubeba mizigo, na mimi ni mama, nililiona hilo. Ndiyo maana zege ilipata nafasi ya kukauka.

Kulipokucha akaja rafiki yangu, mama Mganda mwenye meza ya mboga katika soko la Custom. Yeye ndiye huchukua kudra yangu kila asubuhi kwa pikipiki. Kiswahili chake ni cha sokoni, hakina adabu ya sarufi lakini kina ukweli. Alilizunguka bango, akalitazama kaburi, akanitazama mimi.

"Jaja," akaniita, yaani bibi kwa lugha ya kwao, "mzee yako sasa iko na ofisi."

"Nyamaza."

"Mimi nasema tu. Mzima alikuwa hapana na kazi. Sasa amekufa, iko na kibao kubwa kama ya waziri."

"Alikuwa na kazi. Alikuwa fundi wa baiskeli."

"Baiskeli ya nani, Jaja? Wote iko na pikipiki."

Nilicheka, sikupenda kucheka. Lakini maneno yake yalinikaa, kwa sababu hakuwa peke yake. Wapita njia walianza kulisalimu bango. Kijana mmoja aliyevaa tai alibisha mlango akauliza kama ofisi inaajiri madereva. Nilimwambia mkubwa wa ofisi amelala na haamshwi. Akasema atangoja. Akangoja.

Mradi ukaendelea. Tangi la maji lilikuja, zuri, jeusi, likawekwa juu ya matofali. Bomba la kulijaza halikuja, kwa maana bomba lilikuwa la awamu ya pili. Kudra yangu ya upande mmoja waling'oa, kwani mradi ulikuwa wa kabichi, wakapanda miche ya kabichi. Jua la Juba likaitazama mara moja tu, ikakauka.

Kisha ikatangazwa kwamba waliotoa msaada wanakuja kwa ndege kuona. Kijana wa kizibao aligeuka rangi. Asubuhi ya siku hiyo mwanangu alitumwa Custom, akarudi na gunia la kabichi kutoka mezani kwa rafiki yangu yule yule, kabichi za Uganda, nene, zinang'aa. Wakazipanga juu ya udongo wangu mstari kwa mstari, wakazifukia kidogo chini ili zisibingirike. Mimi nilipewa kofia nikaambiwa nitabasamu.

Wageni walikuja na magari marefu. Wakapiga picha tangi. Wakapiga picha bango, na mmoja, mama mnene mwenye roho nzuri, akakaa juu ya mume wangu apumzike. Halafu mzee mmoja wao akainama kuishika kabichi, akaivuta kidogo, ikamfuata mkononi yote.

Wote tukaitazama kabichi. Kuku peke yake ndiye aliyeendelea na kazi yake.

"Haina mizizi," akasema mgeni, na kijana wa kizibao akatutafsiria.

"Ni aina mpya," mwanangu akajibu kwa unyenyekevu. "Tayari imeshavunwa."

Mgeni akafurahi sana, akaandika. Walipoondoka, rafiki yangu alikuja na gunia lake akazikusanya kabichi zote kwa bei ya huruma, akaziuza tena Custom mchana huo huo. Huo ndio uchumi wa mpito niliouona kwa macho yangu: kabichi inapita kwangu, inapigwa picha, inapita.

Baada ya hapo mradi ulifungwa. Walisema pesa za awamu ya kwanza zimekwisha na za awamu ya pili zinajadiliwa. Walikichukua kizibao cha mwanangu, kwa sababu kilikuwa mali ya mradi. Bango hawakulichukua. Mwanangu akarudi kwenye mizigo na mgongo wake ukarudi ulivyokuwa.

Nilimwambia tuling'oe. Akasema kesho. Nadhani alikuwa bado anangoja awamu ya pili akiwa amesimama chini ya mwanamke wa karoti.

Hiyo kesho yake ikatuletea gari lenye vioo vyeusi. Alishuka mkubwa mmoja mwenye viatu vyembamba, na nyuma yake mpimaji, mtu wa makamo mwenye utepe wa kupimia. Siku hiyo mwanangu alikuwa nyumbani. Mkubwa hakunisalimu. Alilisalimu bango, yaani alilisoma lote akitikisa kichwa.

"Hii ni ardhi ya mradi," akasema.

"Hii ni ardhi ya mume wangu."

"Mama, sijui kusoma kwako, lakini hapa pameandikwa. Mradi umefungwa. Mali za mradi zimerudi kwetu."

"Kwenu wapi?"

Akanyoosha kidole juu. Sikuelewa kama alimaanisha serikalini au mbinguni, na kwa sauti ile nadhani yeye mwenyewe hakuona tofauti.

Alisema patajengwa hoteli ndogo, endelevu, yenye taa za jua na bustani. Mwanangu akasimama mbele yangu akaanza kusema kwamba bango waliliweka kwa makosa, kwamba yeye ndiye aliyefungua mlango, lakini mkubwa akamwashiria mpimaji aanze. Nilimwona amekuwa na rangi ya jivu. Nimefukuzwa katika ardhi mara mbili maishani, najua jinsi inavyoanza. Inaanza hivyo, kwa mtu asiyesalimu.

Mpimaji akaanza kuvuta utepe. Ukapita kwenye bamia, ukapita kwenye tangi, ukafika kaburini. Akasimama.

"Mkubwa, kuna mtu hapa."

"Mtu gani?"

"Amelala."

"Litahamishwa. Kuna utaratibu wake."

Mpimaji hakusogea. Alikuwa mtu wa kwetu, na aliujua utaratibu huo kuliko mkubwa wake. Kwetu mtu anayefungua kaburi ndiye anayekuwa mwenye matanga. Yeye ndiye anayechinja, yeye ndiye anayelisha waombolezaji hadi marehemu alazwe tena, na ukoo haurudi nyumbani mpaka useme umeshiba. Asipofanya hivyo, marehemu anamfuata nyumbani, anamketia kitandani. Hapo ndipo na mimi akili yangu ikanirudia.

"Sikatai," nikasema. "Mhamishe. Ngoja tu niwaambie wenyewe."

Nikachukua simu nikampigia shemeji yangu, mdogo wa marehemu, anayekaa ng'ambo ya daraja na watoto wa wake watatu. Nikaweka sauti ya nje.

"Shemeji, kuna mkubwa hapa anataka kumfungua kaka yako. Matanga yatakuwa kwake."

"Anachinja nini?"

"Muulize mwenyewe, anakusikia."

"Mheshimiwa, salaam. Unachinja nini?"

Mkubwa akatazama simu, akamtazama mpimaji. Mpimaji akatazama bamia.

"Mwaka huu tumekula kudra bila karanga," shemeji akaendelea, kwa heshima kabisa. "Watu wana njaa. Nikiwaambia, watakuja wote, hata wa Yei, hata walioko bado Uganda. Wewe sema tu ni ng'ombe wangapi, nijue malori."

"Hakuna anayechinja," akasema mkubwa.

"Basi hakuna anayefungua," akasema shemeji, "lakini sisi tunaweza kuja hata kukusalimu."

Nilisikia nyuma yake watoto wakiulizana safari ni lini. Mpimaji alikuwa ameanza kuukunja utepe bila kuambiwa, anaufuta vumbi kwa kidole. Mkubwa alisema atarudi na watu. Nikamwambia aje nao, na waje na chumvi ya nyama. Vioo vyeusi vikapanda, gari likaondoka, na hadi leo sijaliona tena katika mtaa wetu.

Mwanangu alikwenda kwa jirani akaazima sururu. Alivunja zege mchana kutwa, mgongo wake ule ule mbovu, na mimi nilikaa juu ya tofali nikimtazama, sikumpa pole wala maji mpaka nguzo zote mbili zilipolala chini. Kisha nikampa maji.

Mwanamke wa karoti sasa ni mlango wa banda la kuku. Anawachekea kila asubuhi. Nguzo nimezilaza ukingoni mwa shamba kuzuia mbuzi. Nguzo iliyolala haimdai mtu ardhi.

Msimu huu karanga zimeshuka kidogo. Juzi, nikiwa nasaga, kikaja kizibao kingine, cha rangi ya machungwa, ndani yake binti mpole aliyenipigia goti kunisalimu. Ni awamu ya pili. Bomba lipo kweli, alinionyesha picha yake, linatiririka. Tangi langu bado liko juu ya matofali, kavu, na mjusi amelifanya nyumba. Nilitazama picha hiyo kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka.

"Na bango?" nikauliza.

"Lipo, Haboba," akasema, akiniita bibi kwa Kiarabu chetu, "lakini hili ni la kisasa. Lina taa ya jua, linaonekana hata usiku."

Mwanangu alikuwa mlangoni, ametoka uwanjani, vumbi la mizigo mabegani. Nilidhani atakohoa. Hakukohoa. Alitandika mkeka, akaleta bakuli la kudra yenye karanga, akaleta jagi, akamnawisha binti mikono. Binti alikula, akasifu, akanywa, akafuta mdomo. Kisha akauliza, je, walete mafundi lini?

"Muulize Mama," mwanangu akasema.

Nikamjibu: "Mboga mtakula, maji mtakunywa, lakini nguzo hapa hamsimiki."